Kisu Mbele ya Mitutu

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwa Mzee Pelham, kidole juu ya kengele, sijui nibonyeze au nirudi zangu. Nilibonyeza. Na haya ya leo nayasema nimeinamisha uso, maana mna kiapo cha uongo ndani yake, na niliyemwapia ni mama yangu mzazi.

Aliyechelewa nimpe kwa ufupi. Mie ni Mardhiya binti Vuai, mtu wa Muyuni, Unguja kusini. Hapa Landani kazi yangu ni kuwatunza wazee wa Kizungu majumbani mwao. Mume nilikuwa naye, akanipa talaka kwa simu, hilo nilishalilia na ninyi mkanililia. Tumebaki watatu katika chumba kimoja Croydon: mie, mwanangu Nasra, na mama yangu Bi Shemsa, ambaye macho yake yameingia ukungu hata uso wangu haoni.

Mwenye nyumba, Bwana Kanti, Mhindi wa Tanga, mtu mpole hana makuu, kauza nyumba yake anawafuata wanawe Kanada. Mwisho wa mwezi tutoke. Ofisi ya nyumba ikaniambia itanipa chumba cha hoteli mie na mtoto, tena mji wa mbali huko kaskazini. Mama hayumo.

"Mama yako ni mgeni wako," yule dada wa ofisini aliniambia. "Kwetu sisi hahesabiki."

Sasa mama akirudi Unguja anarudi kwa nani? Nyumba ya Muyuni imeanguka, kaka zangu wametangulia mbele ya haki. Mtu asiyeona hutamwacha peke yake na jiko la mkaa. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu kimoja tu duniani, mlango mmoja utakaotuingiza watu watatu.

Mlango huo alikuwa nao Mzee Pelham. Ana shamba la bata mzinga juu ya vilima, tremu, ile treni ya barabarani, inapoishia unapanda basi, ukishuka unatembea. Mkewe nilimwosha na kumlisha mpaka alipokata roho mikononi mwangu. Mtumishi wake wa shamba kahamia Australia, na nyumba ya mtumishi iko tupu.

Basi nilibonyeza kengele, akanikaribisha jikoni, nikamwambia shida yangu yote bila kuremba.

"Nyumba nitakupa, na kazi nitakupa," alisema. "Lakini anayelala pale lazima ajue bunduki. Mbweha wananimalizia bata wangu, bata waliotorokea msituni hawakamatiki ila kwa risasi, paa wanakula ngano yangu. Umewahi kushika bunduki?"

"Baba yangu alikuwa msasi."

"Sikukuuliza baba yako."

"Sijawahi, mzee."

Mzee Pelham si mtu wa kucheka ovyo.

"Jumamosi njoo. Nitaweka bunduki tatu mezani, uchague yako ya kwanza. Mtu asiyejua kuchagua bunduki simwachii bunduki. Ukichagua vibaya, tutakunywa chai, utarudi kwako. Ukichagua vizuri, tutatoka nje nione unavyopiga. Mambo ya cheti cha polisi yatafuata."

Nikasema sawa. Niseme nini? Baba alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, nguruwe wa mashambani wakimjua kwa jina. Lakini sisi watoto tukiisogelea tulikula bakora. Nilikuwa sijui hata risasi huingilia wapi.

Kazini napokezana zamu na Serah, Mkikuyu mmoja mwenye mdomo mwepesi na roho nzuri. Nilipomweleza, hakucheka.

"Nenda Hayes," aliniambia. "Kuna mzee anaitwa Mohinder, Kalasinga wa Nakuru. Anauza bunduki. Nitampigia simu."

Duka la Mzee Mohinder lina mlango wa chuma. Unapiga kengele, unatazamwa kwanza, ndipo unafunguliwa. Nilisimama pale na mtandio wangu na mkoba wangu wa kazini, nikajiona mwenda wazimu.

"Wewe ndiye mama wa bata mzinga?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho.

"Ndiye mie, mzee."

"Cheti cha polisi uko nacho?"

"Bado."

"Basi sikuuzii kitu hata ukilia. Lakini kukufundisha si makosa. Ingia."

Ukutani bunduki zimepangwa na kufungwa minyororo. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye moja nyeusi, imekaa kijeshi.

"Nionyeshe ile."

"Kwa nini ile?"

"Inatoa risasi tatu mfululizo, nimesoma. Nikikosa ya kwanza ninayo ya pili."

"Kumbe umeshapanga kukosa." Alitikisa kilemba. "Sikia, mama. Hiyo ikiwa mkononi mwako, mwenzako hajui kama ina risasi au haina. Hizi zinazovunjika katikati kwa bawaba, ukiivunja moja kila mtu anaona tumbo lake. Wewe ni mwanafunzi. Chukua inayojionyesha."

Akaniteremshia bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Moyo ukaniruka. Ilikuwa kama ya baba, kitako cha mbao nyekundu, vyuma vimechorwa maua.

"Hiyo hiyo, mzee. Nipe hiyo."

"Weka begani kwanza."

Nikaiweka. Kitako kilikuwa kirefu, kikakamata mtandio, shingo ikanitoka kama kuku anayechungulia dirishani.

"Unaona nini mbele?"

"Naona dari."

"Hiyo ni ya mwanamume mrefu. Wewe umeipenda, yenyewe haikutaki. Ukiipiga itakuvimbisha shavu."

"Baba yangu alipigia kama hii."

"Baba yako alipiga kwa mkono wa baba yako. Lete wako."

Akanikunja kiwiko. Kitako cha bunduki akakiegemeza kwenye mkunjo wa kiwiko, akaona kidole changu kinafika wapi. Alijaribu moja, akajaribu nyingine, akaishia kwenye kibunduki kifupi chembamba, mitutu yake mmoja umelala juu ya mwenzake.

"Namba ishirini," alisema. "Namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba. Watu hukimbilia namba kumi na mbili kwa sababu ina nguvu. Nguvu si kitu kama unafumba macho kabla ya kupiga. Hii teke lake ni dogo, hutaliogopa. Na huo mtandio bana kwa pini, usikae kati ya bega na kitako."

Nikaiweka begani. Ikakaa. Wallahi ilikaa kama mtoto anayejua bega la mamaye.

"Bata mzinga nampiga wapi?"

"Kichwa na shingo. Mwilini utaharibu nyama, na yeye hatakufa. Subiri asogee karibu. Ukiona macho yake, karibu ni hapo."

"Na paa?"

Hapo akaiweka bunduki chini akaninyooshea kidole.

"Paa usiguse. Paa wa huku ni mkubwa kama ndama. Marisau ya bata, hivi vichembe vidogo vya risasi, yatamtia vidonda tu, atakwenda kufia kichakani kwa mateso. Na sheria ina maneno yake hapo. Mtu akikuambia mpige paa kwa marisau ya bata, huyo hajui, au anakutega."

"Hata akiwa ndiye mwenye nyumba?"

"Hata akiwa mama yako."

Akanirudisha darasani. Pokea, vunja, tazama. Pokea, vunja, tazama. "Hata bunduki akikupa malaika," alisema, "vunja utazame." Nilifanya mpaka mikono ikawaka moto, na bado akasema tena.

Jambo moja hakunifundisha. Simlaumu. Hakuna mtu Hayes angedhani lina haja ya kufundishwa.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekaa kitandani anavuta tasbihi. Sijafunga mlango akainua pua.

"Mafuta ya bunduki," alisema. "Umetoka wapi wewe?"

"Kazi mpya, mama. Ya shamba."

"Harufu hiyo nililala nayo tangu niko mwari." Akavuta shanga moja. "Wanawake wa huku hupiga bunduki?"

"Wengine hupiga."

"Haya. Mungu akulinde na mkono wako mwenyewe."

Jumamosi nikapanda tremu alfajiri na pini sita kwenye mtandio. Mzee Pelham alinikabidhi buti za mpira, koti, na kisu cha kukatia kamba za magunia, maana alitaka kwanza niwape bata chakula. Nikawapa. Kisu nikakitia mfukoni.

Jikoni kulikuwa na mtu mwingine. Clive, mtoto wa kaka yake Pelham, mtu wa makamo, uso mwekundu, haongei mpaka alazimike. Nilikuwa nimeshasikia habari zake. Mkewe alimfukuza, na tangu hapo analala kwenye karavani, kile kibanda cha magurudumu, nyuma ya ghala la shamba. Miguuni pake amelala mbwa wa kuwinda, kahawia, masikio marefu.

Nikajua papo hapo kwamba ile nyumba na yeye anaitaka.

Bunduki tatu mezani. Ya kwanza nyeusi, ya Clive. Ya pili ya Mzee Pelham, mitutu ubavu kwa ubavu, inang'aa kuliko hata ile ya Hayes. Ya tatu fupi, kitako kimekwaruzika.

"Chagua," alisema Mzee Pelham.

Nikaanza na ile nyeusi. "Samahani, hii sijui kama ina kitu ndani," nikamwambia Clive. "Naomba unionyeshe." Akanionyesha huku amenuna. Nikaiacha.

Ile nzuri nikaivunja, nikatazama, nikaiweka begani. Iliniumiza roho kuirudisha. Ya tatu nikaivunja, nikatazama, nikapima kwa kiwiko, nikaiweka begani. Ikakaa.

"Hii," nikasema.

Mzee Pelham alikwenda dirishani akakaa huko ametupa mgongo.

"Ya Margaret hiyo," alisema. "Haijaguswa tangu alipougua."

Mie niliyemwosha mwanamke yule sikujua hata kama alikuwa na bunduki.

"Kafundishwa huyu," alisema Clive.

"Na wewe ulifundishwa," mzee akamjibu. "Twendeni."

Nje ya shamba kuna msitu mdogo. Mwezi wa tisa mbweha walitoboa uzio, bata mzinga kadhaa wakatorokea humo, wakawa wa porini. Hawakamatiki kwa mkono. Tulisimama kwenye ukingo wa ngano, mie katikati, Clive kulia kwangu, Mzee Pelham na fimbo yake nyuma. Mbwa akaachiwa aingie kuwatoa.

Aliyetoka kwanza hakuwa bata. Alitoka paa, jike, akasimama mbele yangu hatua chache, masikio juu.

"Piga," Clive akaninong'oneza. "Piga, anakula ngano ya mzee."

Paa ananitazama, mie namtazama. Nyumba iko nyuma yangu, naiona kwa kisogo. Nikawaza, nisipopiga watasema sijui. Kidole kikaenda kwenye traiga. Kisha nikaivunja bunduki, ikalala mkononi mwangu wazi. Paa akaenda zake.

"Kwa nini hukupiga?" aliuliza Mzee Pelham.

"Haya ni marisau ya bata, mzee. Yangemtesa tu."

Mzee akamgeukia Clive. "Na wewe ulimwambia apige?"

Clive akaangalia buti zake. Mie nikasema moyoni Alhamdulillahi, mama kapata nyumba.

Laiti siku ingeishia hapo.

Mbwa akabweka, bata wakatoka. Walikuwa wamekonda kwa maisha ya msituni, wanaruka kweli kweli, mbawa zinapiga kelele. Mmoja akaja juu yangu. Nikaifunga bunduki, nikaona jicho lake. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikapiga. Akaanguka ngano ya mbele, anapapatika.

Sasa nisikilizeni, maana Wazungu wale nimewaeleza mpaka nimechoka na hawakunielewa. Kwetu Muyuni kupiga si mwisho. Mnyama akianguka hai, wasasi wote hupiga ukelele mmoja, kisu, kisu, na aliye karibu hukimbia amuwahi kabla roho haijatoka. Ukichelewa ni mzoga, anatupiwa mbwa. Mie nimekua nasikia ukelele huo tangu tumboni. Sikuamua kukimbia. Bunduki niliiweka chini, kisu kikatoka mfukoni, miguu ikaenda yenyewe.

Nikamfikia. Nikamgeuza kibla, nikamshika shingo, nikachinja. Damu ikatoka nzuri.

Hapo hapo bunduki ikalia nyuma yangu. Marisau yakapita juu ya kichwa changu nikayasikia, majani ya mti wa mbele yakamwagika.

Nikageuka. Clive amesimama, mtutu wake uko juu angani, ameushika kwa kiganja kama mtu aliyeusukuma. Alikuwa amemlenga bata wa pili, aliyekuwa akipita chini chini. Bata yule alipita, na nyuma ya bata nilikuwa mimi.

Akaiacha bunduki ianguke. Akakaa kwenye tope, akatapika.

Mzee Pelham alikuja mbio na fimbo yake. Sikuwahi kumwona hivyo hata siku ya maziko ya mkewe.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimemchinja kabla hajafa."

"Umetoka mbele ya mitutu. Hakuna mtu anayetoka mbele ya mitutu mpaka wote wamevunja bunduki zao. Hakuna. Ningemwambia nini mwanao?"

Nilikuwa na bata mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Na mnajua nilimjibu nini? Nilimwuliza, "Na nyumba?"

Ndiyo. Marisau yamepita juu ya utosi wangu, mtu anatapika kwa ajili yangu, na mie nauliza nyumba. Dhiki haina haya, jamani.

"Nyumba hakuna," alisema. "Unajua kuchagua na unajua kupiga. Kusimama hujui. Siwezi kukuacha hapa peke yako na bunduki."

Nikapiga magoti kwenye ngano yake. Nikamwambia habari za mama, za ukungu wa macho, za hoteli ya kaskazini, za nyumba ya Muyuni iliyoanguka. Mengi nilishamwambia, nikayasema upya. Akawa anatikisa kichwa tu.

Aliyeniokoa ni Clive. Alinyanyuka anajifuta mdomo.

"Asiwe peke yake," alisema. "Nami nikae. Mie chumba cha juu, wao chini. Bunduki nazishika mimi mpaka azoee. Mwaka mmoja." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Karavani ina baridi, baba mdogo."

Mzee akatutazama wote wawili, mmoja kwenye magoti, mwingine kwenye matapishi yake. Akatoa ufunguo.

"Ndiyo hivyo au basi," alisema. "Mwaka mmoja naye juu, au sina la zaidi."

Nikauchukua. Sikufikiri hata kidogo. Fikra zilikuja kwenye tremu, bata mzinga yuko kwenye mfuko wa plastiki mapajani, watu wananikwepa. Mwanamume asiye maharimu wetu, si ndugu wala mume, chini ya dari moja na mama yangu. Mama ambaye akisikia fundi wa bomba anapanda ngazi hujifunika mpaka pua.

Jioni Nasra alikula mpaka akalala na mfupa mkononi. Mama alikula kidogo huku namsimulia nyumba tuliyopata, akanawa, akanyoosha miguu.

"Nyumba hiyo ina nani mwingine?"

"Sisi tu, mama."

"Mzungu mwenyewe?"

"Yule anakaa nyumba kubwa, ng'ambo ya shamba."

"Mardhiya." Akanitafuta mkono akaushika. "Nyumba ya bure haikosi jambo ndani yake. Mie nimeishi na heshima yangu, na sina kingine nilichobaki nacho. Kama kuna mwanamume chini ya dari hiyo, niambie sasa. Sitakukasirikia. Utanikatia tikiti nirudi Muyuni nikalale kwa majirani."

"Majirani gani, mama? Wamekufa."

"Basi nitalala na makaburi yao. Niapie."

Ningemwambia kweli, angekwenda. Namjua. Angepanda ndege na kifurushi chake, na mie ningepokea simu ya msiba nikiwa hoteli ya kaskazini. Nikatazama macho yale yaliyofunikwa, yasiyoweza kuuona uso wangu. Nikashukuru kwamba hayaoni. Mungu anisamehe, nilishukuru.

"Wallahi, mama," nikasema. "Hakuna mwanamume."

Akaubusu mkono wangu akaulaza shavuni.

Kesho yake nikampigia Clive. Nikamwomba tukishahamia asionekane siku chache, nimzoeshe mama kidogo kidogo, nitafute pa kuanzia. Alisema atakwenda kwa dada yake Brighton. Alisema bila kinyongo. Nikafikiri, huenda tutavuka.

Jumapili ya wiki iliyofuata Bwana Kanti alitupeleka kwa gari lake mwenyewe. Alibeba mkeka wa mama, akabeba masanduku, akabeba hata birika. Alipomaliza akamwambia mama, "Bibi, nisamehe, ningekuwa na nyumba mbili ningekupa moja." Mama akamwombea dua ndefu. Bwana Kanti akapanda gari, akapunga mkono, akashika njia ya mjini.

Nikafungua mlango. Nasra akaniponyoka, akapita mbio ndani kutafuta chumba chake.

Mama akasimama kizingitini. Akavuta pumzi. Akasema Bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akaukanyaga ndani. Machozi yakamshuka.

"Hewa hii," alisema. "Mwanangu, sikudhani nitavuta tena hewa ya shamba."

Nikafikiri moyo utanipasuka kwa furaha. Kwa muda huo mdogo nilikuwa nimefaulu. Tulikuwa watatu, na mlango mmoja.

Ndipo kitu kikaja kutoka ndani, kimya kimya, kikaweka pua yake ya majimaji kwenye kiganja cha mama.

Hakupiga kelele. Aliuinua mkono akaunusa.

"Mbwa," alisema.

"Wa shamba, mama. Nitamfukuza. Nitakuletea maji na udongo ukoshe najisi."

"Wa shamba hulala nje. Huyu katoka ndani." Sauti yake haikupanda. "Tena ananuka mafuta ya bunduki. Mardhiya, mie niliolewa na msasi. Mbwa wa msasi halali nyumba ambayo bwana wake hayumo. Bwana wake yuko wapi?"

Mie nilijua Clive yuko Brighton, lakini kabla sijafungua mdomo, ubao wa juu ukalia. Kisha sauti ya Nasra kutoka kwenye ngazi. Mtoto huyu tangu aanze shule namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nimemgombeza, nimembembeleza, nimekata tamaa. Siku hiyo aliita kwa Kiswahili safi, ili bibi yake aelewe.

"Bibi, huku juu kuna mwanamume amelala."

Mama akaurudisha nje mguu wake wa kulia. Akakigeuzia uso kishindo cha gari kilichokuwa kinafifia kule chini ya kilima.

"Kanti ameshafika mbali?" aliniuliza.